Maji ya Sabuni Kwenye Breki za Datsun

Spana ya kwanza ilinipata begani. Ya pili ikanivunja kidole.

"Umemmaliza mke wangu, Mayala!"

Aliyenipiga ni Muganyizi, mteja wangu, mtu mpole ambaye hata sauti huwa hapandishi. Saa nane mchana, gerejini kwangu Ilemela, watu wamejaa wanatazama.

Wadau, mkewe Kokulinda alikuwa chumba cha upasuaji, miguu yote miwili imevunjika. Gari lake, ile Datsun ya michezo ya mwaka sabini na tatu, aliyoachiwa na marehemu baba yake aliyekuwa anakimbiza rali, ilikataa breki mteremkoni ikavaa jiwe.

"Nani alikuruhusu kuichukua?" nikauliza, nimekikumbatia kidole. "Si nilisema isubiri raba mpya za breki?"

"Chenge kanipa. Kasema uliimaliza mwenyewe kabla hujaenda msibani Sengerema."

Nikamgeukia Chenge, fundi mwenzangu. Miaka sita tunakula sahani moja.

"Ndiyo, bosi," akamwambia Muganyizi, macho chini. "Mayala ndiye aliyeifunga."

Nyie... roho iliniuma kuliko kidole.

Datsun ilikuwa imeshavutwa mpaka pale. Nikajikokota, nikafungua kikopo cha mafuta ya breki, nikachovya kidole nikasugua.

Povu. Sabuni ya kufulia kabisa.

Mafundi tunaijua hiyo. Mafuta ya breki yakivuja na raba hakuna, unajazia maji ya sabuni ili gari lifike nyumbani. Kwenye tambarare linasimama vizuri. Kwenye mteremko breki zinapata moto, maji yanachemka, unakanyaga hewa.

"Nusa hapa, bosi," nikasema. "Ningeifunga mimi, ningekwambia isubiri raba? Nimerudi na kivuko leo asubuhi. Muulize huyu."

Muganyizi akanusa. Kisha akamrukia Chenge kwa ngumi na mateke mpaka akaenda chini. Na mimi, sitawaficha, niliokota ile spana. Nilitaka kumng'oa meno yote.

Chenge akainua uso, damu inamchuruzika.

"Mayala... ile pikapu ya Maige mwaka jana. Nani alinionyesha?"

Mkono ukaishia hewani.

Ni mimi. Maige alikuwa na haraka ya kufika Bujora. Nikakoroga sabuni mwenyewe, huku nacheka, nikamwambia Chenge, "Itafika tu." Na ikafika. Nikajisifia wiki nzima.

"Anasema nini huyu?" Muganyizi akauliza.

Ningeweza kukana. Umati wote sasa ulikuwa upande wangu.

"Anasema kweli, bosi. Nilimfundisha mimi."

Nikamrudishia spana yake. Alinipiga mpaka watu wakamshika, na sikukinga.

Leo naandika haya kwa mkono wa kushoto. Kokulinda anatembea na magongo.

Fundi unayesoma hapa, ubabaishaji wako ukishika mara moja, usijisifie mbele ya mwenzio. Wewe unajua ulikuwa unabahatisha, ila yeye anadhani amejifunza kazi.