Mtoto Asiyepitishwa Juu ya Jeneza

Siku ya kumi na moja baada ya kumzika mama, mwanangu Rojaun aligeuza uso akakataa uji. Nikasema labda meno. Nikambembeleza, nikamwimbia, akafumba mdomo kama mtu mzima aliyeshiba, halafu akacheua, na kilichomtoka kilikuwa uji wa mahindi, mzito, una joto bado, unanukia kungumanga. Mimi nilikuwa sijampa hata kijiko. Nyumba nzima tulikuwa wawili tu. Nikachovya kidole, nikaonja. Haukuwa na chumvi.

Kwetu Lime Gap, huko mlimani, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua ni akina nani wasiokula chumvi: ni wafu. Nilijua palepale, naapa, nikapangusa sakafu nikajifanya sijui. Maana kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa natandika vitanda kwenye ile hoteli kubwa ya ufukweni, ambako mgeni anavishwa bangili ya plastiki akishuka tu kwenye basi, na kuanzia hapo anakula, anakunywa, anaogelea bila kuvuka geti mpaka siku ya kurudi kwao. Mama ndiye aliyemlea Rojaun, akijiita Nana kwake, kama mabibi wote wa kwetu. Mimi nilikuwa mtu wa kuja kulala. Mama alipofariki, mgeni mmoja, Bi Gretchen, mwanamke wa makamo kutoka Kanada, alinikuta chumbani kwake nakunja taulo kwa umbo la bata, taulo lenyewe limelowa machozi. Akanikalisha kitandani.

"Leo siku ya sita niko hapa," akasema, "na mtu pekee niliyezungumza naye ni kijana wa baa. Nipeleke kwenu, Nordia. Nataka nikijue kisiwa, nimeuchoka huu ukuta."

Nikamwambia kwetu kuna msiba. Akasema atakuja kwa heshima zote. Na kweli alikuja, tukapanda mlima kwa teksi, amevaa nguo nyeusi, bangili ameikata kwa mkasi.

Kwetu, aliyempenda mtoto akifa, mtoto hupitishwa juu ya jeneza mara tatu, huyu anampokeza yule, na marehemu anaambiwa kwamba huyu anabaki. Asipoambiwa atarudi kumchukua. Si kwa ubaya. Ni kwa mapenzi.

Mjomba Linval, kaka yake mama, akanyoosha mikono kutoka upande wa pili wa jeneza. "Haya, lete kijana."

Bi Gretchen akaninong'oneza, "Wanataka kumfanya nini mtoto?"

Swali tu. Lakini uso uliniwaka moto. Mimi niliyefaulu masomo matano ya sekondari, mimi ninayeongea na wageni bila kubabaika, nionekane mshenzi?

"Wangu hapana," nikasema. "Mambo ya kizamani hayo."

"Nordia. Dada yangu amelala hapa anasubiri."

"Nimesema hapana, Mjomba!"

Mwanamke mmoja nyuma akacheka puani. "Mwacheni. Amekunja mataulo mpaka na akili imekunjika."

Tukamzika nyuma ya nyumba, chini ya mshelisheli, kwenye makaburi ya ukoo. Tukiwa njiani kushuka, Bi Gretchen alinishika mkono akaniuliza maana ya ile mikono iliyonyooshwa, nikamweleza, akalia. "Ni jambo zuri mno," akasema. "Kwa nini umekataa?" Keshoye akapanda ndege.

Sasa ule uji. Siku mbili baadaye nilitoka saa sita mchana kuanika nguo, kurudi nikamkuta Rojaun ameketi katikati ya kitanda, nywele zimesukwa mistari minne, vilevile alivyokuwa akimsuka mama, kichwa kinang'aa mafuta ya nyonyo. Nilipaswa kupiga kelele. Badala yake nikainamisha pua kwenye zile nywele nikalia. Asubuhi iliyofuata sare yangu ya kazi ilikuwa imetundikwa mlangoni, imepigwa pasi, kola ina moto, na umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Nikaikumbatia ile sare. Nikasema kwa sauti, "Asante, Mama." Mungu anisamehe, hamu yangu kwake ilizidi hofu.

Kliniki, nesi aliangalia mizani, akaniangalia mimi. "Mpenzi, mwezi uliopita kilo kumi, leo nane. Unamlisha nini?"

"Anashiba," nikasema.

"Anashiba nini?"

Nikambeba nikaondoka. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka.

Mchana ule nilimlaza, nikaenda jikoni kuchemsha maji, nikasikia anacheka, kile kicheko cha mtoto anayetekenywa, kikatoka chumbani kikapita ukumbini kikaelekea mlango wa nyuma, nami nikawaza, kicheko kinatembeaje na mwanangu bado anatambaa, nikatupa sufuria nikakimbia, nikamwona yuko nje kwenye jua kali, amesimama, anatembea, hatua zake za kwanza hizo, mguu huu, mguu huu, mkono mmoja ameuinua juu na ngumi ameikunja kama aliyeshika kidole cha mtu, lakini mtu hayupo, kuna nyasi tu zinazolala chini kando yake, hatua moja kubwa kwa hatua zake mbili, na wanakwenda, taratibu, bila haraka, kwenye mshelisheli, na nilipomfikia nikamkumbatia kiunoni ule mkono wake ulibaki umevutwa, ukavutwa hasa, mpaka bega lake likalia, na hakuwa ananililia mimi, alikuwa akilia kwa sababu nimemzuia.

Mjomba Linval alimleta Bi Merline, mama kiongozi wa kanisa letu la ngoma na vilemba. Hakuingia ndani. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama kuna mgonjwa amelala.

"Alipokuhudumia, ulimjibu?"

"Nilimshukuru."

"Ee Bwana. Basi anajua yuko kwake." Akanishika kidevu. "Kesho saa sita mchana tutampitisha juu ya kaburi. Lakini maneno utasema wewe, na useme makali. Ukibembeleza, atabaki. Kisha siku tisa mtu wa nyumba hii asimwite. Hata kwa kilio. Mama haitwi akakaa kimya."

Kesho yake tukasimama pale kwenye saruji mbichi. Linval akampokeza Bi Merline, Bi Merline akampokeza Linval, mtoto anapiga mayowe, ananyoosha mikono kuelekea pasipo na mtu. Mara ya tatu wakanitazama.

"Ionie Beckford," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "huyu si wako. Huna mtoto hapa. Ondoka."

"Tena," akasema Bi Merline.

"Huna mtoto hapa! Hatukutaki! Ondoka!"

Mama yangu. Aliyeuza vitunguu barabarani nipate viatu vya shule. Upepo haukuwapo, lakini jani moja kubwa la mshelisheli lilidondoka, na Rojaun akanyamaza ghafla, akawa anatazama njia ya bondeni muda mrefu, kama tunavyomtazama mtu mpaka anapokata kona.

Usiku ule alikula. Akamaliza bakuli, akaomba tena kwa mikono. Siku ya tatu mashavu yakaanza kurudi. Mimi nikawa natembea nimefunga mdomo, nikizidiwa nauma shuka. Mjomba naye akaja kila siku kunilinda, hatulitaji jina, tunazungumzia mvua. Tulikuwa waangalifu sana, mimi na yeye, watu wazima wawili.

Siku ya nane nilikuwa namwogesha kwenye beseni uani. Akatazama juu ya bega langu, kwenye ile njia. Miezi kumi na minne, alikuwa hajatamka neno hata moja, na nilikuwa nimelingojea neno lake la kwanza kama mvua.

"Nana," akasema, wazi kabisa. "Nana, njoo."

Nikamziba mdomo kwa kiganja chenye sabuni. Huko nyuma yangu, nyasi zikaanza kulala.