Vipande Vinne vya Ihumwa

Foleni ya mashine ya kusaga ya Obedi, sokoni Majengo mjini Dodoma, ilikuwa imepinda hadi kwa wauza mitumba siku Anitha alipokuja na mfuko wake. Wanawake wote walishika madebe ya uwele na mahindi. Yeye alivaa sketi ya bluu iliyonyooshwa kwa pasi na raba nyeupe zilizokwisha kushindwa na vumbi la mji, na alipofungua mfuko, ndani mlikuwa na kokoto nyeusi.

"Dada, hapa tunasaga chakula," Obedi alimwambia.

"Hiki pia ni chakula, kaka. Cha shamba."

Foleni nzima ilicheka. Obedi naye alicheka, ila macho yake hayakumwacha yule dada. Akamwambia arudi jioni, maana nyuma ya banda alikuwa na mashine kuukuu ambayo nyundo zake zilikuwa zinangoja kutupwa tu.

Jioni alisaga mwenyewe, leso puani, na Anitha akamweleza kwa kupaza sauti. Alikuwa mtaalamu wa udongo katika mradi mdogo wa utafiti wa serikali. Jiwe likisagwa na kumwagwa shambani, mvua ikinyesha, linanasa ile hewa ya ukaa itokayo kwenye moshi, inayoipasha dunia joto, na kuifunga isirudi angani. Mtama nao ungeweza kunufaika. Ndicho alichotaka kukipima.

"Kwa hiyo moshi wa mashine yangu utakwenda kulala shambani kwako," Obedi alisema.

"Ukiusagia kitanda."

Aliusagia wiki sita. Kufikia ya tatu walikuwa wanaitana mpenzi mbele ya wateja bila haya. Obedi alikuwa na kasoro moja, kama ni kasoro: hakujua kumpenda mtu bila kumfanyia kitu. Anitha akitaja kiu, soda ilikwisha kufunguliwa, na si ile aliyoitaka.

Desemba, mwaka 1996, Anitha alikwenda Mpwapwa kikazi kwa siku tano. Obedi alipanda baiskeli hadi Ihumwa kuliangalia shamba la majaribio. Lilikuwa na vipande vinane. Vinne vilikuwa na unga wa jiwe, vinne vitupu kabisa, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Chamwino. Maskini mpenzi wangu, unga umemwishia, alijisemea. Bandani akasaga magunia mawili mengine ya kokoto alizoachiwa, akayabeba hadi shambani, akayamwaga yote na kuyasambaza kwa reki hadi shamba zima likawa rangi moja. Alirudi mjini akipiga mluzi.

Jumatano alimpokea Anitha stendi, akampakia kwenye baiskeli, na walipokaribia shamba akamwomba afumbe macho.

"Haya, fumbua."

Anitha alifumbua, akatazama huku na huku, kisha akakaa chini, akalia.

"Vile vinne vilikuwa vya kulinganishia, Obedi. Niliviacha makusudi. Sasa nitajuaje kama unga umefanya kazi?"

Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na kilichombakiza kazini ni jaribio lile. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu. Obedi alianza kusema ataukwangua unga wote kwa mikono. Anitha akainuka.

"Hukuniuliza," alisema. "Hata siku moja huniulizi." Akaondoka peke yake kuelekea barabarani.

Maneno hayo yalimchoma Obedi usiku kucha. Alhamisi alikwenda kwa shangazi yake, Anastazia, ambaye shamba lake lilipakana na lile la majaribio. Udongo ulikuwa uleule, haujaguswa. Aliomba vipande vinne vya kulinganishia. Shangazi alimsikiliza huku akipepeta uwele, na jibu lake likawa fupi: ardhi ya ukoo hapewi mpita njia, ila mkwe angempa.

Ijumaa asubuhi Obedi alisimama kwenye simu ya kadi karibu na posta, akampigia Anitha ofisini.

"Ni mimi. Usikate."

"Kadi ina uniti ngapi?"

"Nane."

"Sema basi, zikiisha nipumzike."

Alimweleza yote, pamoja na sharti la shangazi.

"Kwa hiyo unanioa ili nipate vipande vinne?"

"Hapana. Sijamjibu shangazi kitu. Safari hii nakuuliza kwanza. Nakupenda, Anitha, nataka nikuoe. Ukikataa, vipande nitaendelea kumwomba mpaka achoke."

"Vitakaa vitupu misimu mitatu. Utaweza kuviona bila kuvigusa? Hata huruma ikikushika?"

"Ikinishika, nitakuja kukuuliza."

Anitha alivuta pumzi, akaanza kusema jambo, na uniti zikaisha.

Jumamosi Obedi alifika kwa shangazi bila jembe wala reki. Alikaa kwenye kigoda, mikono ameikalia. Jua lilipopanda, Anitha alikuja na gauni la kitenge cha njano, kamba ya kupimia begani na vigingi kapuni. Akapiga magoti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani kwangu?"

Anitha alimtazama Obedi.

"Mkwe wako, shangazi. Kama huyu ataacha kunisaidia nisipomwomba."

Shangazi alicheka hadi akauweka ungo chini. Obedi alitaka kusimama amkumbatie, akajizuia.

"Obedi," Anitha alisema, "nakuomba unishikie kamba."

Alisimama, akashika ncha ya kamba, na hakusogea hata hatua moja mpaka alipoambiwa.