Kopo la Wifi

Kila mwezi, siku tano hivi kabla ya hedhi, binti wa fundi cherehani alibadilika. Matiti yalimuuma, usingizi ukampotea, akagombana na kila mtu mpaka paka. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa miezi mitatu mbele, naye hakuweza kusoma.

"Mpe hii," wifi wa fundi alisema, akiweka kopo juu ya meza ya kukatia nguo. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia. "Subana yako hiyo ya kuvaa kidoleni ukishona ijae mara moja asubuhi, mara moja jioni. Mimi nanywa kila siku, mwezi wa nne huu. Kununa nimesahau."

"Mti gani huu?"

"Mizizi."

"Mizizi ya mti gani, wifi?"

"Hata polisi hawaulizi hivyo. Mgonjwa nani, mti au mtoto?"

Fundi alichukua futi kumpima wifi yake gauni jipya. Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi nne. Mikono imepungua. Uso umekuwa duara. Akafungua daftari la vipimo vya zamani, akapima tena. Mtu akinenepa hunenepa mwili mzima. Huyu amenenepa vipande vipande.

"Mama, nipe tu ninywe," binti alisema. "Nimechoka."

Fundi akalifunga kopo, akalitia mkobani. "Kesho zahanati. Wote watatu."

"Nakuja nikuone unavyoumbuka," wifi alisema.

Kesho yake zahanati, muuguzi aliunusa unga, hakuuonja.

"Mitishamba si uongo wote," alisema. "Tangawizi imejaribiwa kwa maumivu ya hedhi, na baadhi ya wanawake walipata nafuu. Mmea uitwao viteksi nao umewasaidia wengine siku za kabla ya hedhi, ila majaribio mengi ni madogo. Tena haumfai mjamzito, na anayetumia dawa za kupanga uzazi aulize kwanza. Huu wenu je? Nani kaupima?"

"Tunaupima kwa subana," wifi alijibu.

Muuguzi hakucheka. Alimpima wifi presha. Ilikuwa juu.

"Wauzaji wengine huchanganya mizizi na vidonge vikali vya hospitali. Nafuu huja upesi, kisha uso unavimba, presha inapanda. Sijui kama ndivyo hapa. Daktari atakuona leo. Na usiuache ghafla kabla hajakuona, unaweza kuzidiwa."

Wifi akashika shavu lake.

Binti alipewa kazi: aandike kila siku anavyojisikia, kwa miezi miwili. Alale mapema, atembee kwa miguu, apunguze chumvi na kahawa. Maumivu yakizidi, ameze kidonge cha maumivu kwa maelekezo. Akiona giza moyoni, au akiwaza kujidhuru, arudi siku hiyo hiyo.

Daktari alithibitisha shaka ya muuguzi, akamwachisha wifi ule unga polepole. Binti alijua siku zake kwa daftari, akasoma mapema kabla hazijafika. Mtihani ulimkuta zimebaki siku mbili apate hedhi. Kichwa kilimgonga, lakini alikaa mpaka kengele ya mwisho.

Siku moja wifi akaja kupunguziwa gauni. Inchi tatu zilikuwa zimetoka. Akatua kopo jingine mezani. Juu yake ameandika kwa herufi kubwa: TANGAWIZI.

"Umeridhika sasa, polisi?"

Fundi alisoma, akafungua kifuniko, akanusa.