Mlango Uliomkataa Shangazi Naetwe

Mtu aliposogea kwenye milango ya hospitali mpya ya Dodoma, kisomasikio kilimulika sikio lake, kikapima mikunjo yake, ambayo haifanani kwa watu wawili, na mlango ukafunguka wenyewe. Mbunifu wa kifaa hicho, Mhandisi Tumsifu Mbwambo, alisimama kifua mbele siku ya uzinduzi, waziri akiwa pembeni yake.

Wageni walipita mmoja mmoja. Akabaki shangazi wa Tumsifu, Naetwe, aliyemlea tangu utotoni. Mlango haukutikisika.

"Hilo si sikio la mtu," ilisema sauti ya mashine. "Tafadhali ondoka."

Baadhi ya watu walicheka. Tumsifu akamwendea, akausogeza upande wa kanga aliyojitanda kichwani. Sikio la shangazi lilijaa vipele vidogo vigumu, kama punje za uwele.

"Vinauma, shangazi?"

"Wala. Daktari alisema ni ugonjwa adimu. Protini hujikusanya chini ya ngozi. Hauambukizi."

"Mlango huu umewahi kukukataa kabla ya leo?"

"Ulipokuwa bado unaujaribu kule wodini, hospitali ya zamani, baba yako aliniita kabla hajakata roho. Wewe ulikuwa ndani naye. Mimi nilibaki nje, mlango umenikataa."

"Ulisema hukufika kwa sababu gari liliharibika!"

"Ningesemaje, mwanangu? Mji mzima ulikuwa unakusifu."

Tumsifu akawageukia watu.

"Mheshimiwa Waziri, naomba tuahirishe. Nilikifundisha kisomasikio kwa masikio laini tu, kikadhani wenye masikio mengine si watu. Kosa ni langu."

Waziri alikunja uso. Lakini Naetwe aliishusha kanga mabegani, masikio yote mawili yakaonekana, akasimama kando ya mpwa wake.

"Huyu nimemlea mimi," akasema kwa sauti.

Kwa miezi mingi Tumsifu aliifundisha mashine upya kwa masikio yenye makovu, yaliyokatika, yenye vipele. Naetwe alikuwa wa kwanza kukaa kitini. Siku ya uzinduzi wa pili mlango ulimfungukia bila kusita, na watu wakapiga vigelegele.

Mwandishi mmoja wa habari akaona kitasa cha kawaida kilichoongezwa mlangoni. "Mhandisi, mashine sasa haikosei. Kitasa hiki cha nini tena?"

"Ni cha mtu ambaye bado sijamjua," alijibu Tumsifu.

Shangazi Naetwe, aliyekuwa ameshaingia, akarudi nje, akakishika kitasa na kuufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.