Vizibo vya Dobi

Kila alasiri akitoka shule, Mbishi hupitia duka la dobi analofanyia kazi mama yake, akavua viatu na kuanza kukunja mashuka. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo wake, wala halikumkera.

Duka lilikuwa la shangazi yake, pamoja na jingine la ng'ambo ya barabara aliloliendesha kijana aitwaye Chapuchapu. Furushi la nguo likipokelewa, kizibo cha soda hutumbukizwa kwenye ndoo ya duka husika ili kuhesabu kazi. Kila Jumamosi shangazi hulinganisha ndoo hizo. Safari hii ya Chapuchapu ilifurika. Ya mama haikufika hata nusu.

"Wifi, usinione mbaya," shangazi alisema. "Sabuni ile ile, pasi zile zile, lakini mwenzako anakuacha mbali. Mwisho wa mwezi nafunga hapa."

Mama aliinamia pasi yake. Mbishi akachemka. "Mama, si tuongeze vizibo tu? Vimejaa barabarani!"

"Thubutu!" mama alimkatiza. "Uongo siutaki hapa."

"Basi naenda kumtazama huyo bingwa!" Akavuka barabara, shangazi nyuma yake akimgombeza.

Walimkuta nesi mmoja amefura. "Kola bado chafu! Koti hili nalirudisha mara ya pili!"

Chapuchapu aliomba radhi, akalipokea koti, kisha akadondosha kizibo ndooni.

"He! Koti lile lile, kizibo kingine?" Mbishi alidakia.

"Nguo ikiingia, kizibo kinaingia. Ndivyo nilivyoagizwa. Mtoto, nenda ukacheze!"

"Siendi! Shangazi, kwa mama nguo hazirudi. Unahesabu uchafu uliorudi, halafu unamfukuza anayeutoa!"

"Likirudi tena hivi," nesi akaongeza, "mimi navuka barabara."

Shangazi aliitwaa ndoo ya Chapuchapu, akaimwaga yote sakafuni. "Kosa ni langu. Kuanzia leo kizibo kinaingia mteja akichukua nguo na kuridhika. Ikirudi, kinatoka."

Jumamosi iliyofuata ndoo ya mama ndiyo iliyokuwa nzito. Duka halikufungwa, na Chapuchapu akaja kwa mama kufundishwa kusugua kola.

Shangazi alimfinya Mbishi shavu. "Mwanangu, mwendo wa haraka ulinipumbaza. Kazi ipimwe ilivyokwisha, siyo ilivyoanza. Na mama yako amekushinda: alikataa kudanganya hata alipokuwa anapoteza kazi. Hilo ulishike."

"Nimelishika," Mbishi alijibu. "Ila kunyamaza, hapana!"