Aliyemtafunia Isakwisa

Damari alifika Mufindi juu ya lori la magunia, amempakata mwanawe, na jambo la kwanza aliloliuliza aliposhuka ni mahali pa kuteka maji. Hakuwa mwanamke wa makuu. Walikuwa wametoka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, nchi iliyokuwa na jina jingine na bendera ileile ya Mwingereza, baada ya ziwa kupanda na kulimeza shamba lao la mpunga. Mumewe, Lutengano, alikuwa fundi seremala. Ndugu yao aliyekuwa akiishi Mbeya alimwambia kwamba huko Iringa, kwenye mashamba ya chai, mafundi wanatafutwa kama dawa. Ndiyo maana wakaja. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, miezi ya baridi, ukungu ukiamka kabla ya watu na kulala baada yao.

Mnyapara, mzee mnene aitwaye Ambrosi, aliwapa nyumba iliyosimama peke yake nje ya kambi, mgongo wake umeegemea msitu. Vibarua wengine walisongamana kwenye vyumba kama dagaa kwenye kikapu. Wao, watu wa kuja, wakapewa nyumba ya vyumba viwili na jiko la pembeni. Lutengano alimshukuru Mungu kwa sauti, na Damari naye akaitikia amina. Jambo moja tu hakulielewa. Wanawake waliokuwa wakichuma chai kando ya njia waliacha kuchuma, wakasimama na vikapu vyao mgongoni, wakimtazama mtoto.

Jioni ileile alikuja jirani, mama mtu mzima wa Kihehe, jina lake Benedicta, na boga mkononi. "Kamwene," akasalimu. Damari hakujua kuitikia, akacheka kwa aibu, wakaangukia Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake.

"Mtoto yenu anakula au bado ananyonya?" Benedicta aliuliza.

"Ananyonya, mama. Hata jino hana."

"Mnyonyeshe sana. Asilielie njaa humu ndani." Akaweka boga kizingitini, hakuingia, akaondoka kwa haraka kama mtu aliyesikia anaitwa.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Damari alijifunza kuwasha moto kwa kuni mbichi, akajifunza kuitikia salamu, akazoea kufua nguo ambazo hazikauki. Samaki wa ziwa aliwakumbuka mpaka akaota harufu yao. Isakwisa, mtoto, alikuwa wa miezi saba, mcheshi, mwenye kunyonya kwa pupa kama ndama.

Asubuhi moja alimwacha amelala kwenye mkeka, akashuka kisimani. Aliporudi alimkuta ameamka, ametulia, mashavu yamejaa. Anamung'unya. Damari akamtia kidole kinywani haraka, akitoa alichodhani ni udongo. Kilikuwa ugali. Ugali uliokwisha kutafunwa, laini, wa vuguvugu, unaovutika kwa mate kama utomvu wa mpapai. Akaunusa. Ulinuka ugoro na kinywa cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kula.

Akatapika palepale mlangoni.

Alipomaliza alikasirika. Alijua mila hiyo. Hata bibi yake mwenyewe aliwatafunia wajukuu. Lakini mtu unamtafunia wa kwenu, huendi kutema mate yako katika kinywa cha mtoto wa watu! Moja kwa moja akamfikiria Benedicta. Alikwenda kumkabili, akamkuta shambani na kikapu kilichojaa, hajatoka tangu alfajiri, wenzake wote wakiwa mashahidi. Benedicta alipomsikiliza hakujitetea. Alifanya ishara ya msalaba, akageukia chai yake.

Tangu hapo Damari akawa hamwachi mtoto ila kwa kitambo kidogo sana. Kitambo hicho kilitosha. Akienda jikoni kugeuza sufuria, akirudi anakuta tonge. Mara mboga zilizosagwa kwa fizi, kijani kibichi chenye povu. Mara nyama, nao hawakuwa wamepika nyama tangu waje. Nyama ile ilikuwa na manyoya mafupi ya kijivu. Siku moja alivuta kitu kama uzi kutoka kooni mwa mwanawe, akavuta, kikaendelea kuja, mtoto akicheka kwa kutekenywa. Ulikuwa unywele mrefu wa mvi, umezungushiwa kitonge cha maharage.

Kisha Isakwisa akakataa ziwa.

Akimpa, anageuza uso. Akimlazimisha, anayatema maziwa na kukunja pua kama aliyepewa shubiri. Na hakukonda! Alinenepa. Mikono ikafanya mikunjo, kidevu kikaota kidevu kingine, na kila pumzi yake ikatoka na uvundo wa ugoro na nyama iliyolala. Matiti ya Damari yakavimba, yakawa magumu, yakawaka moto. Maziwa yalimwagika yenyewe, yakagandia kwenye kaniki na kuchacha, mpaka akawa anajinukia mwenyewe, akijichukia. Kumbusu mwanawe alishindwa. Hilo ndilo lililomliza kuliko yote: mtoto wake wa kumzaa alimtia kinyaa.

"Baba Isakwisa, kuna mtu anamlisha mtoto wetu," alimwambia mumewe.

Lutengano aliinua macho kutoka kwenye randa aliyokuwa akiinoa. "Nani?"

"Simwoni."

"Mama Isakwisa, mtoto amenona, nchi imemkubali. Wenzetu wanazika watoto kwa baridi hii. Ugeni ndio unaokusumbua. Utazoea."

Kesho yake Damari aliamua kumfunga mtoto mgongoni kutwa nzima. Akamfunga kwa mbeleko, akakaza fundo mpaka likamuuma, akatoka na jembe kulima kijishamba cha mboga nyuma ya nyumba. Ilikuwa karibu na adhuhuri. Ukungu ulikuwa mzito, msitu hauonekani, lakini kulikuwa kweupe pe. Akalima. Mtoto akatulia.

Akasikia kutafuna.

Nyuma ya sikio lake la kushoto. Taratibu. Kutafuna kwa mtu asiye na meno, fizi juu ya fizi, mate yakibubujika. Jembe likamtoka mikononi. Alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Kutafuna kukakoma. Akahisi mtoto akijinyoosha, akisimama kwenye mbeleko, akitanua kinywa. Pumzi ya baridi ikampita shavuni. Kitu laini kikasukumwa. Mtoto akameza, akaguna kwa raha.

Na kingine kikaanguka begani mwa Damari. Cha vuguvugu. Kikateleza polepole kuelekea kifuani.

Alikimbia. Hakujua kama anapiga kelele. Aliingia nyumbani kwa Benedicta bila hodi, akamkuta anapepeta mahindi. Benedicta alilitazama bega lake, akaweka ungo chini, akafunga mlango.

"Sema," Damari alinong'ona. "Najua unajua."

Benedicta alikaa. Alipoanza kusema, naye alinong'ona.

"Ile nyumba ilikuwa ya mama yake Kalinga. Kalinga alichukuliwa vitani, hakurudi. Mke wake alikufa kwa uzazi, bibi akabaki na mjukuu. Mwaka ule ukawa wa njaa. Bibi hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mbuzi. Akamtafunia mtoto alichopata. Ugali ulipokwisha akatafuna mizizi. Mizizi ilipokwisha akatafuna panya, ngozi za viti, sijui nini. Sisi kila mtu alikuwa na njaa yake, hatukwenda kutazama. Tulipokwenda..." Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Mtoto alikuwa amekufa siku nyingi. Ameoza mapajani mwake. Na bibi bado alikuwa anamtafunia, anamjaza. Kinywa kilikuwa kimejaa mpaka mashavu yamepasuka. Akatuambia, nyamazeni, bado hajashiba."

Nje, mtu alipita njiani akikohoa. Wote wawili walisubiri apite.

"Tulimzika. Lakini hajatulia. Anazunguka na tonge lake, anatafuta mtoto mwenye njaa. Ameingia humu kambini katika kila nyumba yenye mtoto. Yangu pia."

"Na mlipotuona sisi?"

"Kukiwa na mtoto ndani ya nyumba yake, hazunguki," Benedicta alisema. "Lori lilipomshusha mtoto wenu tulisema Mungu ametukumbuka. Nyinyi ni watu wa kuja. Hamna ndugu hapa. Nisamehe, mama."

Damari alimtazama mwanamke yule, mikono yake misafi, unga wake mweupe, rozari yake ukutani. Kinyaa alichokihisi wakati ule kilikuwa kikubwa kuliko kile kilichokuwa kikimkaukia begani.

"Tutahama leo."

"Mama mmoja alihama na mtoto wake, akaenda mpaka Ilula. Bibi akamfuata mtoto, maana alikwisha kumzoea. Mwisho mtoto akakataa hata maji kutoka kwa mama yake. Alikufa amenenepa."

"Basi wewe wako alipona vipi?"

Benedicta akainama mpaka kichwa kikagusa magoti. Sauti yake ilisikika kwa shida. "Bibi yule haondoki mpaka asikie mtu akisema ameshiba. Mtoto hajui kusema. Mama ndiye mwenye kusema. Lakini huwezi kusema umeshiba kama hukula."

Damari alirudi nyumbani. Akamlaza Isakwisa mkekani, akafungua mlango wazi, ukungu ukaingia na kutanda sakafuni kama maji. Akapiga magoti mbele ya mwanawe. Akaomba kwa Kingonde, maombi ya mamaye. Halafu akangoja.

Kutafuna kukaanza pembeni, karibu na kitanda. Kukasogea. Isakwisa akageuza kichwa, akatanua kinywa wazi kama kinda la ndege. Damari akaingiza uso wake katikati, juu ya uso wa mtoto, akafumba macho. Akafungua kinywa chake.

"Nipe mimi," akasema. "Mama, nina njaa."

Kutafuna kukakoma.

Vidole vikamgusa mdomo. Vilikuwa vya baridi, vimekauka, ncha zake zimelowa. Vikapapasa meno yake kana kwamba vinashangaa kuyakuta. Kisha vikasukuma. Tonge likajaza kinywa: chumvi, ugoro, uteute, manyoya. Kitu kigumu kama ukucha kikamkwaruza chini ya ulimi. Akakumbuka mashavu ya mtoto wake yakijaa. Akameza.

Likaja la pili. Akameza. Likaja jingine, na jingine, na katika moja kulikuwa na kitu kilichosogea. Alimeza hicho pia.

Ndipo Lutengano alipofika. Ukungu ulikuwa umewafukuza kazini mapema. Alisimama mlangoni, akaona mkewe amepiga magoti peke yake, machozi yanamtiririka, mashavu yake yakijaa tonge baada ya tonge, midomo ikisukumwa na kisichoonekana. Aliona koo lake likipanda na kushuka. Aliona ute ukitoka hewani na kudondoka kidevuni mwa mkewe. Fundi yule, aliyezoea kupima kila kitu kabla ya kukiamini, aliteremka taratibu mpaka akakaa chini.

"Ndaga, mama," Damari alishukuru kwa lugha yao, kinywa kikiwa bado na mabaki. "Ndaga fijo. Tumeshiba. Mimi nimeshiba, na mtoto ameshiba. Pumzika."

Vidole vikamfuta mdomo. Kwa upole sana, pembe hii na pembe ile, kama bibi anavyomfuta mjukuu. Ukungu ukatoka mlangoni kwa mkupuo, ukaenda zake. Na Isakwisa akaangua kilio, kile kilio chake cha pupa ambacho hawakuwa wamekisikia tangu akatae ziwa. Damari akampa ziwa. Akalidaka, akanyonya, huku mama yake akigeukia pembeni na kutapika, ingawa hakikutoka kitu.

Waliondoka na lori la kwanza lililopita, wakaenda Mbeya kwa ndugu yao. Benedicta alikuja kuwaaga na boga. Damari alilipokea, na lori lilipokata kona akalitupa.

Mbeya iliwapokea. Lutengano alipata kazi ya kutengeneza madawati, wakapanga nyumba katikati ya watu, na Isakwisa akarudi kuwa mtoto kama watoto wengine, mwembamba kidogo, mwenye pumzi ya maziwa. Lutengano hakusema tena neno ugeni. Damari alipenda hata kelele za majirani.

Ila mvua zilipoanza, kinywa kikamuuma chini ya ulimi. Akavumilia, kisha akaenda zahanati. Dresa, kijana wa Kisafwa mwenye maneno mengi, alimwambia afungue kinywa, ainue ulimi. Akachungulia. Akachukua koleo, akashika, akavuta, akaweka kitu kwenye sahani ya chuma.

Lilikuwa jino. Dogo, jeupe, kama punje ya mchele. Jino la kwanza la mtoto. Damari akakumbuka kile kitu kigumu kilichomkwaruza siku aliyomeza matonge.

"Limeingiaje?" Damari aliuliza, damu ikimtoka.

"Halikuingia, mama." Dresa aliligeuza kwa ncha ya koleo, halafu akaliacha. "Limeota. Mzizi wake huu hapa." Akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu sana, na hakumgeukia tena.

Damari alitoka, jua la mchana likiwaka juu ya mji, watu wakienda zao sokoni. Akiwa njiani ulimi wake ukaenda wenyewe kutafuta kidonda. Haukukiona. Nyama ilikwisha kufunga. Na kando yake, chini ya ngozi laini, kulikuwa na kitu kidogo kigumu kinachosukuma kutoka.