Joelle Huhama Kipindi cha Pili

Kahawa ilimmwagikia Darcy Hrynkiw kifuani akiwa kwenye foleni ya vitafunio, katika uwanja wa barafu wa Duluth, Jumamosi ya mashindano ya hoki ya vijana. Aliyemgonga alikuwa mwanamke mrefu mwenye koti jekundu zito na kofia ya sufu, daftari kalibana kwapani.

"Pole, Darcy," alisema. "Lakini miaka tisa ulikuwa beki wa kulipwa, hukuniona nikija?"

"Goti liliona. Likakataa kusogea."

Mwanamke huyo, Joelle Pelkey, alicheka. Naye zamani alikuwa kipa. Sasa alikitafutia wachezaji chuo kimoja cha Michigan, kama Darcy alivyokitafutia chuo cha hapo mjini. Waliitazama mechi pamoja, blanketi la Darcy likifunika magoti manne.

Majira yale ya baridi walikutana karibu kila wiki, katika viwanja vya miji midogo vinavyonuka glavu zilizolowa jasho. Kati ya wiki na wiki walipigiana simu, kila mmoja yumo njiani ndani ya gari lake. Joelle alimwita mzee. Darcy akamwita bibie. Walikuwa na mwiko mmoja: daftari la mwenzako hulifungui, wala huulizi nani yumo. Joelle alimwambia jambo moja tu. Asipopata kipa mzuri kabla ya Machi, mkataba wake hautaongezwa.

Darcy hakuuliza kipa gani. Mechi nyingine, kipindi cha pili, timu zinapobadilishana magoli, Joelle alibeba kahawa yake akahamia upande wa pili wa uwanja. Kipindi cha tatu akarudi. Anayetazama washambuliaji hahami; anayehama anamfuata kipa. Na Joelle alihama hivyo timu moja tu ilipocheza, ile ya kipa Nolan Aube.

Februari, kikaoni, Stromgren, kocha mkuu wa chuo cha Darcy, aliuliza yule mama wa Michigan anamfuata kipa gani. Darcy alitaja jina kabla swali halijatua. Miaka tisa alicheza chini ya makocha, na kocha akiuliza, mchezaji hujibu. Alipotambua alichosema, Stromgren alikwisha shika simu. Wiki haikuisha, Nolan akawapa neno lake kwamba atakichezea chuo chao.

Joelle alipiga simu akiwa barabarani.

"Nilikuachia daftari nikaenda msalani. Ulilifungua."

"Sikulifungua."

"Basi ulijuaje?"

Darcy angeweza kusema ni bahati. "Unahama kipindi cha pili," akasema.



"Afadhali ungelisoma daftari," Joelle alisema polepole, akakata.

Hakupokea simu tena. Mkataba wake ukaisha. Mwishoni mwa Machi alitokea Duluth, siku ya mechi ya mwisho ya msimu ya timu ya Nolan, amevaa koti la kijivu lisilo na nembo ya chuo chochote. Alikuja kurudisha blanketi la Darcy, lililokuwa limebaki garini mwake. Alikuwa amelifua na kulikunja vizuri.

Darcy alimwambia yote: swali la Stromgren, jibu lake, aibu yake. Akamwambia kazi ataiacha.

"Nioe mimi mtu asiye na kazi, bibie."

Joelle alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likazimika.

"Nakupenda, mzee. Hilo usilitilie shaka. Lakini nilisahau kujificha mahali pamoja tu duniani, karibu yako. Siwezi kuanza kujificha hapo."

"Nipe muda."

"Muda hauna kosa. Tiketi nimenunua, wacha niitazame mechi."

Akaenda kuketi nyuma ya goli la Nolan. Darcy alibaki upande wa pili na kikombe cha kahawa pembeni, alichomnunulia Joelle. Kipindi cha kwanza kikaisha. Gari la kulainisha barafu likapita, likatoka. Timu zikarudi, makipa wakabadilishana magoli, na Nolan akaja kusimama mbele ya Darcy.

Darcy alisogeza blanketi, nafasi ikapatikana. Akatazama ng'ambo.

Joelle hakuhama.